Kuunganisha Matibabu Si Kuyachanganya

Somo juu ya mgonjwa wa maradhi ya siku nyingi na kurudisha nguvu za viungo vyake

Somo letu la safari hii limetokana na suala tulilopelekewa na ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa pwani, afanyaye biashara ya mchele huko Kutus, katika nchi ya Kirinyaga, chini ya Mlima Kenya. Mama yake mzazi, mtu mzima aliyekuwa na presha na sukari kwa miaka mingi, alipatwa na kiharusi akapooza upande wa kulia. Alipotoka hospitali alipewa dawa za kumeza kila siku, na akaambiwa awe akirudi kwa mazoezi ya viungo.

Hapo ndipo maneno yalipokuwa mengi. Jirani ameleta mizizi ya kuchemsha. Rafiki wa msikitini ameshauri hijama. Mchuaji wa mtaani asema mazoezi ni kupoteza wakati, mkono utarudi kwa kuchuliwa. Na mama yake mdogo aliyeko pwani apiga simu kila siku kusema kuwa dada yake amepigwa na jini, ateremshwe haraka akapungwe. Ndugu yetu, kwa kuchelea dawa zisije zikagombana tumboni, amezisimamisha zile za presha, na sasa ni siku kumi. Atuuliza: Je, yafaa kuyaunganisha matibabu haya? Na lipi litangulie?

Kabla hatujaingia katika somo, twamwambia neno moja lisilongoja: mama arudishwe kwa daktari leo, si kesho, na dawa zake zianze tena kwa amri ya daktari. Presha isiyotibiwa ndiyo sababu kubwa kupita zote ya kiharusi, na aliyekwisha kupatwa mara moja yu karibu zaidi na cha pili kuliko mtu mwingine. Baada ya hilo, na tusome kwa utulivu.

Mji wa Kutus na maradhi yake

Suala hili si la nyumba moja. Kutus ni mji wa njia panda. Kutoka hapo barabara zaenda Kerugoya, Embu na Mwea. Juu yake, ukipanda, yako mashamba ya kahawa na chai. Chini yake yako mashamba ya mpunga ya Mwea, yaliyoanza kuchimbiwa mifereji katika miaka ya 1950 kwa mikono ya watu waliofungwa wakati wa Hali ya Hatari. Mchele wake wa pishori ndio huu tunaoupikia pilau na biriani Mombasa. Lakini walaji wachache hufikiri juu ya mgongo wa mpandaji. Kupandikiza mpunga ni kuinama tangu asubuhi, miguu imo tope na maji. Baada ya miaka mingi mgongo hukakamaa na magoti huuma. Tena katika miji hiyo ya mlimani, kama ilivyo kwetu pwani, sukari na presha zimeenea, na mwisho wao mara nyingi huwa ni kiharusi, au kukatwa mguu, au figo kufa.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watu bilioni 2.4, yaani takriban mtu mmoja katika kila watatu duniani, wana hali ambayo yaweza kupunguzwa kwa tiba ya kurudisha nguvu za mwili. Mwezi wa Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka serikali ziitie tiba hiyo katika huduma za kawaida, isiwe jambo la anasa la miji mikubwa peke yake.

Kurudisha nguvu ni nini?

Yafaa tufahamu kwanza kwamba maradhi ni namna mbili. Yako yanayokuja yakaenda, kama homa ya malaria: ukipata dawa yake, umepona. Na yako yanayokaa na mtu umri wake wote. Haya ya pili hayaulizwi tu, "Yataondoka lini?" Huulizwa pia, "Mgonjwa ataishije nayo?" Ataweza kuvaa nguo zake? Ataweza kwenda chooni bila ya kushikwa? Ataweza kusimama katika Sala, au kuinua kikombe chake mwenyewe?

Hiyo ndiyo kazi ya tiba ya viungo, na ya wenzao wanaomfunza mgonjwa kazi za kila siku, na wanaomfunza kusema na kumeza. Hawa hawaondoi maradhi. Wanamrudishia mtu uwezo wake, na pamoja na uwezo humrudishia heshima yake.

Msingi wa nyumba

Kila nyumba ina msingi na ina mapambo. Msingi wa tiba hii ni mambo mawili: dawa za kuyazuia maradhi yasizidi, na mwendo wa viungo wenyewe.

Kiharusi hutokea damu inapokatika kufika sehemu ya ubongo, ama kwa mshipa kuziba ama kwa kupasuka. Sehemu iliyokufa hairudi. Lakini Mwenyezi Mungu ameupa ubongo tabia ya ajabu: sehemu zilizo hai huweza kujifunza baadhi ya kazi za iliyokufa. Sharti lake ni kurudiarudia. Mkono usiotumiwa husahauliwa na ubongo, na mkono unaotumiwa, hata kwa tabu, hukumbukwa.

Dalili ya hayo ni uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2006, uliofanywa kwa wagonjwa 222 ambao kiharusi chao kilikuwa cha miezi mitatu hadi tisa. Sehemu moja ya wagonjwa hao walivishwa kinga katika mkono wao mzima kwa wiki mbili, wakalazimika kuutumia ule dhaifu, huku wakifunzwa kila siku. Mikono yao ilitengenea kuliko ya wenzao, na faida ilikuwapo hata baada ya mwaka. Njia hii si ya kila mgonjwa, maana huhitaji mkono uwe umebaki na uhai kidogo, na mtaalamu awepo. Lakini maana yake ni ya kila nyumba: tusimfanyie mgonjwa kila kitu. Mapenzi ya mtoto anayemlisha mama yake kila tonge, ilhali mama aweza kuinua tonge moja, ni mapenzi yanayoudhoofisha mkono.

Wala tusidhani kuwa kuzidisha ndiko kufaulu. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 2,104 katika nchi tano. Walioinuliwa kitandani mapema mno, ndani ya saa 24 za mwanzo, na wakafanyishwa mazoezi mengi zaidi, hawakupata heri kuliko waliokwenda kwa kiasi, bali walipungukiwa. Na mwaka 2017 India ilichunguza wagonjwa 1,250 katika hospitali 14, kutazama kama jamaa waliofunzwa kwa muda mfupi wangetosha kumfanyisha mgonjwa mazoezi nyumbani. Baada ya miezi sita hapakuonekana tofauti kati ya wagonjwa hao na wale waliopata huduma ya kawaida. Basi mafunzo yetu ni haya: haraka haifai, na jamaa, pamoja na wema wao, hawashiki mahali pa mtaalamu. Jamaa ni mkono wa mtaalamu. Huyu aonyesha, na wale wakariri.

Matibabu yanayoweza kuongezwa

Sasa tuyatazame yale yanayoletwa mlangoni, moja moja, bila ya ushabiki na bila ya dharau.

Kuchua na kukanda. Kuchua hulegeza misuli na kupunguza maumivu kwa muda, na mgonjwa hupata raha na usingizi. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu ya kiuno ya muda mrefu, yale yale ya wapandaji mpunga. Katika yaliyopendekezwa yalikuwamo kumfundisha mgonjwa juu ya hali yake, mazoezi ya mpango, na kuchua. Yasiyopendekezwa yalikuwamo mishipi ya kufunga kiuno, kuvutwa mgongo kwa mizani, na dawa kali za jamii ya kasumba. Basi kuchua kuna mahali pake. Lakini mkono uliopooza hauvutwi kwa nguvu, kwani bega lake limelegea na huteguka upesi. Na muundi uliovimba upande mmoja, ukawa na moto na maumivu, hauchuliwi kabisa. Huenda ndani yake mna damu iliyoganda, nayo ikisukumwa hupanda hadi mapafu ikaua.

Joto. Kitambaa cha maji ya moto ni faraja, hasa katika baridi ya Julai huko mlimani. Lakini mwenye sukari ya miaka mingi mara nyingi miguu yake imekufa ganzi. Huungua asijue, na kidonda chake huweza kumalizikia kwa kukatwa mguu. Mwenye kukanda na ajaribu maji kwa kiwiko chake mwenyewe kwanza. Wala jiko la makaa lisiwekwe katika chumba kilichofungwa kwa kumpasha mgonjwa joto, maana hewa yake huua watu usingizini.

Hijama. Waislamu wote wajua kuwa jambo hili lina asili katika mafunzo ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Uchunguzi wa siku hizi waonyesha kuwa laweza kupunguza maumivu ya shingo na mgongo, ingawa chunguzi zenyewe nyingi si madhubuti. Ama kusema kuwa hijama yafungua mshipa ulioziba kichwani, hilo halina dalili. Tena anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, au mwenye upungufu wa damu, asichanjwe bila ya idhini ya daktari. Na wembe uliotumiwa kwa mtu mmoja ukatumiwa kwa wa pili hupeleka homa ya ini na UKIMWI. Kushika Sunna hakumwondolei mtu wajibu wa kuosha mikono na kutumia wembe mpya.

Mazoezi ya polepole. Wachina wana mazoezi yao ya kale yaitwayo taichi, ya kuhamisha uzito wa mwili polepole kutoka mguu hadi mguu. Mwaka 2012 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 195 wa maradhi ya kutetemeka yaitwayo Parkinson. Walioyafanya mara mbili kwa wiki kwa wiki 24 walisimama imara zaidi, na wakaanguka mara chache kuliko waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu. Hatusemi watu wa Kutus waanze michezo ya Kichina. Twasema kuwa mwendo wa polepole, wa kila siku, wa kiasi, ni dawa. Na Muislamu anao mwendo wa namna hiyo mara tano kwa siku. Mgonjwa aliyeruhusiwa kuswali kwa kukaa aitumie ruhusa hiyo bila ya haya. Na siku atakayoweza kusimama rakaa moja kwa kushika kiti, aihesabu ni hatua.

Miti shamba na viungo vya jikoni. Hatuidharau miti, dawa kadhaa za hospitali asili yake ni miti. Huko Muhimbili, Dar es Salaam, wataalamu wameichunguza tangu mwaka 1974. Lakini kile chenye nguvu ya kuponya kina nguvu ya kudhuru pia. Uwatu huteremsha sukari. Ukinywewa kwa wingi pamoja na insulini, sukari yaweza kushuka hadi mtu akazimia. Vidonge vya vitunguu saumu vilivyokolezwa huzidisha kutoka damu kwa mwenye kutumia dawa za kuzuia kuganda. Na mizizi isiyojulikana jina haina kipimo cha kujua kidogo chake wala kingi chake. Tena mgonjwa wa kiharusi huenda hawezi kumeza sawasawa. Kumnywesha dawa yoyote, au hata uji, hali amelala chali, ni kuutia mapafuni mwake.

Yasiyokuwa na mahali

Sasa twafika kwa mama mdogo wa pwani na habari ya kupungwa. Twasema kwa heshima yake, lakini twasema wazi.

Mwaka 2008 kulitangazwa uchunguzi ulioongozwa na Gerry Mshana, wa Tanzania, uliolinganisha wenyeji wa Dar es Salaam na wenyeji wa Hai, chini ya mlima Kilimanjaro, katika itikadi zao juu ya kiharusi. Huko Hai wengi walitaja presha, vyakula vya mafuta, na wasiwasi wa maisha, nao walianza kwa kwenda hospitali. Dar es Salaam wengi walitaja mashetani na uchawi, nao walianza kwa waganga na kuikwepa hospitali. Tuangalie vizuri: wa mlimani, ambao sisi wa pwani huwaita washamba, walikwenda kwa tabibu, na watu wa mji mkubwa wa pwani walikwenda kwenye ngoma. Haya yatufikirishe. Kila siku inayopita katika kutafuta kuku wa rangi fulani ni siku ambayo presha haikupimwa, mgonjwa hakugeuzwa kitandani, na mkono haukuinuliwa.

Dua ni jambo jingine. Kumuombea mgonjwa na kumsomea hakugombani na dawa wala mazoezi, wala hakumzuii mtu asimeze kidonge chake. Tunachokikataa ni ile biashara inayouza khofu, ikamfanya mgonjwa aone aibu ya maradhi yake na aache matibabu.

Wala si waganga wa mashetani peke yao. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, aliyejulikana kwa jina la Babu, alikuwa akiwapa watu kikombe kimoja cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500 za Tanzania. Ilisemwa kuwa chatibu sukari, presha, saratani na UKIMWI. Watu wa dini zote walimiminika, na Wakenya wakiwamo; misururu ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, na wako waliofia njiani. Wengine waliacha dawa zao kwa kuamini wamepona. Maradhi hayakwenda. Mzee huyo alifariki mwaka 2021, na tamaa ya kikombe kimoja cha kumaliza kila ugonjwa ingali hai katika nyoyo za watu.

Masharti manne

Kutokana na haya twapata masharti manne. Likitimia kila moja, matibabu yameunganishwa. Likikosekana moja, yamechanganywa tu.

Sharti la kwanza: linaloongezwa lisiliondoe la msingi. Mtu akikwambia, "Acha dawa za hospitali ndipo yangu ifanye kazi," hapo hapo umekwisha kumjua.

Sharti la pili: daktari aambiwe yote. Mgonjwa amfiche daktari mizizi aliyokunywa, daktari atatibu kwa kubahatisha. Chupa na ipelekwe ionekane. Akigomba, tustahimili, kugombezwa si kitu mbele ya kudhurika.

Sharti la tatu: mtendaji ajulikane. Kenya ina sheria ya watalaamu wa tiba ya viungo ya mwaka 2014, iliyounda baraza la kuwaandikisha. Na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imezitambua tiba za asili na kutaka ziwe chini ya kanuni. Kuuliza cheti si kumvunjia mtu heshima. Mwenye elimu hufurahi kuulizwa.

Sharti la nne: faida ipimwe. "Naona nafuu" si kipimo. Na hesabiwe: jana alisimama kwa muda gani bila ya kushikwa? Hatua ngapi kutoka kitandani hadi mlangoni? Aweza kushika kikombe kitupu? Chenye maji? Yaandikwe katika daftari kila Ijumaa. Jambo lililofanywa wiki sita lisibadilishe hesabu hata moja, na liachwe, na fedha zake ziende kwenye nauli ya hospitali.

Jawabu kwa ndugu yetu

Ewe ndugu yetu wa Kutus, jawabu lako ni hili. Kwanza dawa za presha na sukari, kama tulivyosema. Pili mazoezi: Kerugoya iko karibu nawe, na hospitali yake ni ya rufaa ya kaunti. Mpeleke mama kwa siku alizopangiwa, na uende nawe ndani ukaangalie, umwombe mtaalamu akuonyeshe yale ya kufanywa nyumbani. Kama hawezi kujigeuza, mgeuzeni kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia. Akila, akae wima.

Mchuaji aje, kwa masharti tuliyoyataja, na asiliguse bega ila kama alivyoonyesha mtaalamu. Hijama ingoje neno la daktari. Mizizi ya jirani mshukuru kwayo, kwani amekuja kwa wema, lakini usimpe mama mpaka ijulikane ni nini. Na mama mdogo mwambie kwa adabu kuwa dada yake hahitaji kupungwa, amhitaji yeye. Kama aweza kupanda gari aje Kutus, akae naye mwezi, amsemeshe, amhesabie hatua zake. Mgonjwa wa kiharusi mara nyingi huingiwa na huzuni kubwa hata akakataa mazoezi, na sauti ya ndugu huweza kumnyanyua.

Nasi tulio pwani tusibaki wasikilizaji. Mombasa tunayo Bombolulu, ambako tangu mwaka 1969 watu wenye ulemavu wamekuwa wakifanya kazi za mikono za kuuza. Ni dalili iliyo machoni petu kuwa kilema si mwisho wa mtu. Basi tutazame mitaa yetu. Ni wazee wangapi wamelala vyumba vya ndani, waliokuwa wakifungua maduka na kusalisha misikitini, nasi tumekwisha kuwahesabu miongoni mwa waliokwenda? Misikiti yetu mingapi ina chuma cha kushikilia pahala pa kutawadhia, na viti vya kuswalia? Fedha tunazozichanga kwa urahisi kwa ajili ya khitima, na zichangwe pia kwa ajili ya nauli ya mgonjwa kwenda mazoezini angali hai. Chuma cha ukutani, kiti, na nauli ya mara mbili kwa wiki: hayo hayashindi uwezo wa mtaa wowote.

Mwenyezi Mungu amponye mama wa ndugu yetu na wagonjwa wote, na atupe sisi subira ya kuwahudumia. Yeye ndiye mjuzi zaidi.